Mnaniita mcheza midoli? Njooni muione vita!

KILA mtu na starehe yake, bwana. Kuna washkaji zangu ambao Jumamosi ikifika hawashikiki, ni muziki mpaka majogoo. Kuna wa mpira, ambao timu yao ikifungwa hata chakula hakipiti kooni. Kuna wa bao na wa drafti pale kijiweni, wanaanza asubuhi na jua linazama wangali wanabishania kete moja. Hao wote hakuna anayewashangaa. Lakini mimi nikitaja starehe yangu watu wanaangaliana kwanza, halafu wanapasuka kwa kicheko. Mimi nacheza vita.

Sisemi vita ya kwenye simu, ile ya kubofyabofya. Nasema vita iliyopiganwa kweli, yenye tarehe na mahali, ambayo naipanga upya juu ya meza kwa vijamaa vidogo vilivyopakwa rangi. Kila kimoja kina urefu wa milimita 28 hivi, yaani ni kifupi kuliko njiti ya kiberiti. Kina kofia, kina bunduki, kina mkanda, na ukikodoa vizuri utaona kina hata macho.

Kijiweni wamenibatiza jina, eti “Jenerali Midoli”. Sawa tu, nimeshalizoea. Kuna binti mmoja nilimkaribisha chumbani kwangu kwa mara ya kwanza, soda mezani, redio inapiga taratibu. Akakiona kijamaa kimeshikizwa juu ya kifuniko cha chupa, na pembeni brashi yenye nywele tatu. Akaniuliza hii nini. Nikamwambia hapo nilikuwa namtia nyusi askari wa Kihindi wa mwaka 1914. Alimaliza soda yake kwa heshima zote, akaaga, na mpaka leo sijamwona.

Wanaocheka wanadhani ni utoto. Ngoja niwape habari kidogo. Mchezo huu ulianza na watu wazima tena wenye vyeo. Mwaka 1824, huko Prusia, nchi ambayo baadaye iliunganishwa ndani ya Ujerumani, luteni mmoja aitwaye von Reisswitz alichapisha kanuni za mchezo wa vita alioanza kuubuni baba yake. Ulikuwa na ramani, vibao vidogo vya rangi mbili badala ya vikosi, dadu za kuamua nani kaumia, na mwamuzi wa kusimamia haki. Mkuu wa maofisa wa jeshi la kule alipouona aliupenda mno, ukawa sehemu ya mafunzo ya maofisa.

Halafu mwaka 1913 mwandishi wa hadithi wa Uingereza, H. G. Wells, akatoa kitabu chake Little Wars, cha kucheza vita sakafuni kwa askari wa bati na vimizinga vya kuchezea. Huyu mzee hakuwa mpenda vita. Hoja yake ilikuwa kwamba mtu akicheza vita ndogo ataona mwenyewe jinsi vita kubwa ilivyo upuuzi. Dunia haikumsikiliza. Mwaka uliofuata tu vita kuu ikalipuka, na moto wake ukafika mpaka huku kwetu.

Na hiyo ndiyo vita yangu mimi. Wenzangu wa Ulaya na Marekani wanapenda Napoleon, wanapenda Waroma, wanapenda vifaru. Mimi nilisema nitapanga vita iliyopiganwa mahali ambapo nikipanda basi asubuhi, jioni nimeshafika nakula pweza. Nikachagua Tanga, Novemba 1914.

Kutengeneza jeshi si mchezo. Vijamaa vya dukani vinatoka nje na bei yake si ya mtu wa kuungaunga kama mimi. Kwa hiyo navitengeneza. Nachukua waya wa shaba kutoka kwenye nyaya mbovu za umeme, naukunja unakuwa mgongo, mikono na miguu. Juu yake navisha pati, ile ile wanayozibia mafundi bodi za magari. Pati inakauka haraka, kwa hiyo kidole kikizubaa askari anakuwa na kichogo kama embe. Bunduki ni pini. Majani ya minazi nakata kwenye mkeka uliochakaa, na vichaka ni sifongo la kuoshea vyombo nililolichana nikalichovya kwenye rangi ya kijani.

Kupaka rangi kuna siri zake. Kwanza rangi nyeusi mwili mzima, maana inabaki kwenye mikunjo inakuwa kivuli. Pili kaki ya mavazi. Mwisho unachovya brashi kwenye rangi nyepesi zaidi, unaifuta mpaka karibu ikauke, ndipo unaipitisha juu juu. Rangi inashika kwenye sehemu zilizoinuka tu, na kijamaa kinapata uhai. Vifungo nilivipaka kwa rangi ya kucha ya dada yangu, ile ya dhahabu. Aliniuliza mbona inaisha haraka, nikamwambia mambo ya vita yana siri.

Kimoja kwangu kinasimama badala ya watu 50. Waingereza walileta Tanga watu kama 8,000, wengi wao Wahindi waliotoka Bombay kwa meli. Hao ni vijamaa 160. Wajerumani chini ya von Lettow-Vorbeck walikuwa kama 1,000, na walio wengi walikuwa askari Waafrika. Hao ni 20 tu. Jumla 180. Zilinichukua usiku wa mwaka mzima na ushee.

Sasa hebu tazama meza. Upande mmoja bahari, nimeipaka rangi ya buluu. Hapa Ras Kasone, ambako Waingereza walishuka. Katikati mashamba na vichaka. Huku mwisho ni mji na reli ya kwenda Moshi, ambayo ndiyo iliyomletea Lettow vikosi vyake. Tunacheza kwa zamu. Askari anatembea inchi sita, tunapima kwa futi ya fundi cherehani. Akifyatua, unarusha dadu ya ludo. Ukipata tano au sita, umempata mtu.

Mshkaji wangu mmoja, fundi redio, aliposikia Waingereza ni wanane kwa mmoja alidai mwenyewe upande huo. “Leo nakunywa chai Tanga mjini,” akasema. Pole yake. Waingereza walitokea tarehe 2 Novemba na manowari yao ikatangulia kuzungumza na Wajerumani, kwa hiyo mshtuko ukaisha hapo hapo. Lettow akapata muda wa kusafirisha watu kwa treni. Tarehe 4, Wahindi waliotikiswa baharini wiki nzima nzima wakaingizwa kwenye vichaka wasivyovijua, wanapigwa risasi na watu wasiowaona. Na kama hiyo haitoshi, nyuki wakachokozwa na risasi. Walishambulia pande zote mbili bila ubaguzi.

Mimi nyuki nimewawekea kanuni. Kila zamu ya vichakani unarusha dadu mbili. Zikija sita zote mbili, nyuki wametoka, na kikosi kilicho karibu kinarudi nyuma inchi kumi na mbili kipende kisipende. Fundi redio alipata sita mbili mara mbili mfululizo. Alisimama akapiga kelele mpaka wapangaji wakatoka vyumbani.

Vita ya kweli nayo iliisha hivyo hivyo. Tarehe 5 Waingereza walipanda meli wakaondoka. Walikuwa wamepoteza watu kama 800 kwa kufa na kujeruhiwa, na wakaacha ufukweni mamia ya bunduki na risasi zaidi ya nusu milioni. Lettow akazibeba.

Hapo kwenye “akazibeba” ndipo palipoanzia kasheshe yangu.

Katika nyumba tunayopanga anaishi bibi mmoja, mama yake mwenye nyumba. Amevuka miaka 80, asili yake milima ya Uluguru. Siku hiyo ya kelele za nyuki naye alikuja, akasimama mlangoni na mkongojo wake. Nikamwamkia, akaitikia, akainama juu ya meza. Alitazama muda mrefu bila kucheka, na kwa kweli alikuwa mtu wa kwanza kutazama jeshi langu bila kucheka.

“Ni vita gani hii, mjukuu wangu?”

“Vita ya Mjerumani na Mwingereza, Bibi. Ile ya kwanza.”

Akanyoosha kidole, akakipitisha juu ya vichwa vyao mmoja mmoja, kama mtu anayetafuta ndugu yake kwenye picha ya harusi.

“Mbona wote wana bunduki?”

Nikamweleza kwamba ndiyo vita yenyewe, Bibi, watu na bunduki. Akatikisa kichwa. “Babu yangu mzaa mama alikuwa kwenye vita hiyo. Hakushika bunduki. Alishika mzigo.”

Akatusimulia, mimi na fundi redio tumesimama kama wanafunzi. Mwaka 1916 Waingereza walipofika Morogoro walihitaji watu wa kubeba. Babu yake akachukuliwa pamoja na wanaume wengine wa pale kijijini. Mama yake Bibi alikuwa bado mtoto wa kubebwa mgongoni. Walielekea upande wa Rufiji. Babu hakurudi, na hakuna aliyekuja kusema kafia wapi. Hana kaburi. Picha ndiyo kabisa, nani angempiga picha?

Basi usiku ule sikulala sawasawa. Nikarudi kwenye vitabu vyangu, nikaanza kusoma habari za wapagazi kwa jicho jingine. Kampuni moja ya Wajerumani ya askari 160 hivi ilifuatwa na wapagazi kama 250. Yaani walioitwa jeshi walikuwa wachache kuliko waliolibeba jeshi. Sababu ni kwamba barabara hazikuwepo, na mbung'o waliua farasi na ng'ombe kwa maelfu. Kilichobaki ni kichwa cha mtu. Waingereza kwa vita nzima, mpaka Lettow aliposalimisha silaha Novemba 25, 1918 huko Abercorn, mji ambao leo ni Mbala nchini Zambia, walitumia wapagazi wapatao milioni moja, ukijumlisha maeneo yote waliyowatoa.

Waliokufa? Hesabu za Waingereza wenyewe ni zaidi ya 90,000, na wanahistoria wengi wanaamini walipita 100,000. Risasi haikuwa muuaji mkuu. Waliuawa na kuhara, malaria, homa ya mapafu, njaa na kuchoka.

Mimi ni mtu wa vijamaa, kwa hiyo nilipiga hesabu yangu ya vijamaa. Watu 100,000, kimoja kwa 50, ni vijamaa 2,000. Jeshi zima la Tanga, pande zote mbili, ni 180. Nikisema nitengeneze wapagazi waliokufa tu, kimoja kila usiku, Jumapili na sikukuu zikiwemo, itanichukua zaidi ya miaka mitano. Na meza yangu haiwatoshi. Wangejaa, washuke sakafuni, watoke mlangoni, wapange foleni mpaka bombani.

Nikaamua kuwaingiza kwenye mchezo, na nikataka wafanye kazi yao kweli. Wasiwe wa kusimama nyuma kama maua. Tukaacha Tanga, tukapanga ramani ya kutoka Morogoro kwenda Rufiji. Kanuni niliyoiweka ni nyepesi: mpagazi anabeba kilo 25 za unga, anakula kilo moja kwa siku. Fundi redio akacheka, “Hiyo rahisi, nawapeleka siku kumi na mbili mbele.”

Haya, piga hesabu na wewe msomaji. Siku 12 za kwenda, kala kilo 12. Siku 12 za kurudi, atakula nyingine 12. Imebaki kilo moja ya kumpa askari aliyeko mbele. Moja! Mtu katembea karibu mwezi mzima na mzigo kichwani ili kufikisha kilo moja ya unga. Ukitaka kufikisha zaidi, ongeza wapagazi, lakini hao nao wanakula. Ama weka wapagazi wengine njiani wa kupokezana, na hao nao wanakula. Ama wapunguzie posho.

Fundi redio alikaa kimya dakika kadhaa anakuna kichwa. Halafu akasema, polepole, “Basi nawapa nusu kilo.”

Sikumjibu kitu. Nilimpa dadu. Kanuni inasema mpagazi wa nusu posho anarusha dadu kila siku tatu, akipata moja anaugua. Mvua ikiwa inanyesha, moja au mbili. Na mapema mwaka 1917 bonde la Rufiji lilikuwa na mafuriko. Akarusha. Akarusha tena. Mimi natoa vijamaa mezani navipanga pembeni kwenye gazeti. Hakukuwa na adui aliyefyatua hata risasi moja siku ile, na gazeti likajaa.

“Hii siyo vita bwana,” akasema, “hii ni mauaji ya hesabu.” Na huyu ndiye aliyekuja kunywa chai Tanga.

Kuna watu wameniuliza kama siyo dhambi kuchezea jambo kama hilo. Nimelifikiria sana. Jibu langu ni kwamba mimi shule niliishia kidato cha nne, na somo la vita hii nililipita kwa tarehe mbili na jina la Lettow, nikajibu mtihani, nikasahau. Mezani sikuweza kusahau, kwa sababu nusu kilo ile niliona mtu ameitamka kwa mdomo wake mwenyewe, mtu mpole, fundi redio asiyeweza kumpiga hata paka. Hakuwa na ubaya wowote. Alitaka tu mzigo ufike. Hapo ndipo nilipoelewa jinsi watu wengi vile wanavyoweza kufa bila kuwepo aliyekusudia kuwaua.

Wiki mbili baadaye nilimfuata Bibi. Nilimwambia nataka kumtengenezea babu yake, kijamaa chake peke yake, kisicho cha kuhesabiwa kwa 50. Nikamuuliza alifananaje. Alicheka. “Mimi nimjulie wapi? Hata mama yangu hakumkumbuka sura.” Akanitazama kidogo. “Mtengeneze kama kijana yeyote. Kama wewe.”

Nikamuuliza na mzigo je, nimwekee unga au sanduku la risasi? Nilikuwa nimeshaandaa vyote viwili, vizuri kabisa, sanduku lina mpaka kamba zake.

“Huyu wangu usimtwike,” akasema.

Ilikuwa kazi ngumu kuliko jeshi zima. Askari ana mavazi, ana mkanda, ana kofia ya kuficha makosa ya pati. Huyu ana shuka kiunoni tu na mikono miwili isiyoshika kitu. Mikono mitupu ni migumu kuitengeneza, jamani. Niliikunja na kuikunjua mara nyingi mpaka ikakaa kama ya mtu aliyetua mzigo sasa hivi. Rangi ya ngozi niliitafuta kwa kuangalia mkono wangu mwenyewe chini ya taa.

Bibi alimpokea kwa mikono yote miwili. Kwa sasa yupo juu ya kabati lake la vyombo, karibu na picha za wajukuu. Siku nyingine nikipita namsikia anamwonyesha mgeni: “Huyu ni babu.” Mgeni anasogea, anakodoa macho, anasema kafanana na yule kijana mpangaji. Bibi anaitikia tu.

Sasa wenzangu wa mjini, mnajua jina la Kariakoo limetoka wapi? Limetoka kwenye jina la Kiingereza la hicho kikosi cha wapagazi, Carrier Corps. Waingereza walipoiteka Dar es Salaam Septemba 1916, wapagazi wao waliwekwa pale. Nairobi nao wana Kariokor yao, jina ni lile lile. Pale mjini kati, kwenye mzunguko, tuna sanamu ya Askari, amesimama tangu mwaka 1927 na bunduki yake yenye singe. Ni sanamu nzuri, mimi mwenyewe nimekwenda kuikagua mikunjo ya mavazi. Lakini yupo peke yake. Ile ya Nairobi angalau mpagazi wamemweka. Ya kwetu aliyesimama juu ni askari tu, na mpagazi tumempa jina la soko, halafu tukasahau kwamba ni lake.

Kwa hiyo ukienda kununua viatu au mchele, ukasikia nyuma yako “Nipishe, mzigo, mzigo!”, usisonye. Sogea jamaa apite. Mwenye mtaa ni yeye.

Na wewe mshkaji wa kijiweni unayesema nacheza midoli, karibu. Jumapili mchana nipo, dadu zipo, na wapagazi nimefikisha 74 mpaka sasa. Chagua upande unaoutaka. Ila nakuonya mapema: kabla hujaanza kuhesabu bunduki, hesabu unga.